Banka ngumu yenye kokoto na feawei iliyokauka, mnapigaje bila kuumiza mkono?

Mpigaji_wa_Bara

Wakuu habari za jioni. Nina swali kwa wanaocheza gofu humu, hasa nyie mnaocheza viwanja vyetu hivi vya kawaida sio vile vya kwenye TV. Klabu yetu ni ya mashimo tisa huku bara, wanachama wachache, hela ya kumwagilia inaishia kwenye grini (ile nyasi fupi laini penye shimo na bendera), kwingine tunamwachia Mungu. Sasa kiangazi kimekolea, mchanga wa banka (yale mashimo ya mchanga ya kutega mpira) uliondoka na maji ya masika na hakuna aliyeurudisha, kilichobaki ni vumbi la juu juu alafu chini udongo mgumu na kokoto. Feawei nazo, ile njia ya nyasi fupi ya kuelekea grini, nyasi zimelala, kuna sehemu ni udongo mtupu unang'aa kabisa.

Jumamosi mwenzetu mmoja aliingia banka ya pembeni ya grini, akapiga kama tulivyofundishwa wote, fungua uso wa weji (fimbo ya mipigo mifupi, uso wake umelala sana), lenga nyuma ya mpira, swingi kubwa. Fimbo ikagota chini ikadunda, mpira ukapaa ukavuka grini ukaenda kulala upande wa pili, na yeye akaiachia fimbo kashika kiganja. Jioni kimevimba hawezi hata kushika kikombe cha chai. Mimi mwenyewe kiwiko cha kushoto kwa nje kimeanza kuuma, nikizungusha ufunguo mlangoni nakisikia.

Napiga mkono wa kulia, handikapu 24, yaani bado mchezaji wa kawaida tu. Naomba kujua nitumie fimbo gani, mpigo upi, na wakati gani mtu unasema hapa sipigi. Wazee wa klabu jibu lao ni moja tu, "piga kiume", na hilo ndo lililompeleka mwenzetu hospitali.

kedi_mstaafu

Mkuu mpe pole mwenzako. Mimi nimebeba mabegi ya watu miaka mingi kabla sijaanza kufundisha, na hicho unachokisema nimekiona sana, tena kwa watu wazuri, kwa sababu wamefundishwa mpigo mmoja wa banka wakadhani ni wa banka zote.

Ile sendi weji, weji ya mchanga, geuza uangalie chini, utaona ina tumbo limenenepa. Hiyo ndo baunsi. Kazi yake ni kuzuia fimbo isizame, iteleze ndani ya mchanga laini ibebe mpira pamoja na mchanga wake. Gene Sarazen, bingwa wa zamani wa Marekani, ndo aliyeipa umaarufu sendi weji, alishinda nayo Open ya Uingereza mwaka 1932, ila ile kitu imetengenezwa kwa ajili ya mchanga. Banka nzuri chini kwenye sakafu yake inatakiwa iwe na mchanga wa kina cha sentimita 10 hadi 15 hivi. Nyie mna sentimita moja ya vumbi. Sasa ukiifungua uso unaongeza baunsi, ukingo wa mbele unanyanyuka, tumbo linagonga udongo kwanza, fimbo inadunda inakuja kukata mpira katikati ya kiuno. Ndo maana ulipaa. Na mtu akishaona hivyo mara inayofuata anachimba kwa hasira, hapo ndo hatari yenyewe, fimbo inasimama ghafla huku mwili bado unakwenda, ule mshtuko wote lazima uende mahali na mahali penyewe ni kiganja na kiwiko.

Kwa hiyo kabla ya yote jua umesimama juu ya nini. Kanuni hazikuruhusu kupima mchanga kwa mkono wala kwa fimbo, lakini kusimama unaruhusiwa, na ukisimama unachimbia miguu kidogo ili usiteleze. Sikiliza nyayo. Zikizama nusu ya soli, kuna mchanga, piga mpigo wako wa kawaida ila mdogo. Zikigoma, ukasikia kokoto zinasaga chini ya kiatu, sahau kulipua mchanga. Na uangalie mpira wenyewe umekaaje, ukiuona wote mpaka chini kabisa na kivuli chake kimekaa pembeni safi, huo umekaa juu ya gamba gumu, hauhitaji mchanga wowote ili utoke.

Hapo chukua pichin weji, ile weji yenye uso uliosimama zaidi, au ile ya katikati kati ya pichin na sendi, digrii 50 au 52, zina tumbo jembamba. Uso usiufungue, acha uangalie shabaha, au ufungue kidogo tu kama ukuta wa banka uko juu. Mpira katikati ya miguu au unywele mmoja nyuma, uzito zaidi mguu wa kushoto na ukae hukohuko usirudi kulia, shika gripu chini kidogo karibu na chuma. Rudisha mikono mpaka usawa wa nyonga basi, alafu gusa mpira kwanza, ni chipu (mpigo mfupi wa chini chini) ile ile ya pembeni ya grini ila uko shimoni. Mpira utatoka chini chini na utakimbia, kwa hiyo chagua pa kuangukia mapema, usilenge bendera. Gripu iwe laini lakini isilegee mpaka fimbo ikageuka mkononi, na usiisimamishe fimbo kwenye mpira, iache ipite hata nusu mita mbele.

Mazoezi ya huo mpigo usiyafanyie kwenye banka ngumu kwanza. Nenda kwenye nyasi fupi, jifunze kugusa mpira bila kung'oa nyasi, ukishaweza ndo ushuke.

Lofti60

Mbona mnajichosha, nunua weji ya digrii 60 mambo yameisha. Wanaocheza kwenye TV wote wanayo.

kedi_mstaafu

@Lofti60 digrii 60 ni lofti, yaani mlalo wa uso wa fimbo, sio baunsi. Soma namba ya pili iliyochorwa pale chini, kuna digrii 60 yenye baunsi 4 na kuna yenye 12, ni fimbo mbili tofauti kabisa. Hiyo ya 4 kweli inakubali ardhi ngumu, ila mtu wa handikapu 24 kwenye udongo mtupu na lofti yote hiyo lazima apige swingi ndefu ili mpira ufike, na swingi ndefu kwenye mawe ndo tunayoikimbia hapa. Akikosea milimita chache ama anapita chini ya mpira ama anaukata. Nasimamia pichin weji.

Mwana_Nairobi

Sasa nyinyi, mmeongea mambo ya fimbo lakini hakuna aliyemwambia huyu buda vile sheria zinamsaidia. Wachezaji wengi sana bado wanacheza na sheria za zamani kichwani, ati ukiwa kwenye banka usiguse kitu chochote. Hiyo iliisha 2019. Tangu hapo mawe, majani, vijiti, hivyo vyote unaruhusiwa kutoa ndani ya banka kabla ya kupiga, hata kama mchanga utasogea kidogo wakati unatoa, mradi uko na busara, si ati unalima. Shida moja tu, mpira wako ukisogea juu ya kutoa hilo jiwe ni adhabu ya mpigo mmoja na unaurudisha pahali ulikuwa. Kwa hivyo lile jiwe limekaa limeegemea mpira liangalie mara mbili. Na jiwe lazima liwe limekaa tu hapo, lile limezikwa kabisa kwenye udongo halichomoki si lako kuchimba.

Chenye bado hakiruhusiwi ni kuweka fimbo chini mbele au nyuma ya mpira, kugusa mchanga ukifanya swingi ya mazoezi, ama ukirudisha fimbo nyuma. Hiyo ni mipigo miwili. Na msiskize mtu akiwaambia mchanga mgumu peke yake unapewa msamaha wa bure, hapana. Maji ya mvua yakisimama kwenye banka, hiyo ni bure, unadondosha humo humo ndani. Shimo la mnyama pia. Pahali kamati imetia alama ya ardhi inayotengenezwa pia. Lakini ugumu tu, pole.

Sasa yenye inaokoa mkono ni kutangaza mpira hauchezeki. Ni wewe unaamua, hakuna mtu wa kukuuliza kwa nini, si mwenzako, si kedi. Kwa adhabu ya mpigo mmoja unaweza kurudi pale ulipiga mara ya mwisho, au unadondosha ndani ya banka, ama urefu wa fimbo mbili kutoka mpira, ama nyuma kwa mstari wa bendera na mpira. Na kama hutaki kuona hiyo banka tena, unalipa mipigo miwili unatoka nje kabisa, nyuma kwa huo mstari. Watu wanaona mipigo miwili ni mingi sana. Maze, hesabu zile unatumia ukibaki humo ndani ukigonga mawe.

Alafu nyinyi kama klabu mwandikie kamati. Wako na uwezo wa kutangaza banka mbovu kama hizo ni ardhi inayotengenezwa au kuzifanya sehemu ya uwanja wa kawaida mpaka mchanga uletwe. Mizizi na miamba kwenye feawei pia, kuna kanuni ya uwanja kamati inaweza kuweka mtu asogeze bila adhabu. Uwanja wa Jinja kule Uganda ulijulikana kwa kanuni ya nyayo za kiboko, mpira ukiingia kwa nyayo unautoa. Kama kiboko alipewa kanuni yake kokoto zenu zitashindwaje.

Mpigaji_wa_Bara

Duh hii ya kutoa mawe hakuna hata mmoja klabuni kwetu anaijua, tumekuwa tukicheza tunayaruka macho tu. Asante sana mkuu. Kesho naipeleka kwa katibu.

dada_fizio

Jamani samahani nimechelewa kuuona uzi. Mimi sio mchezaji mzuri, mume wangu ndo mraibu, ila kazi yangu ni fiziotherapia na wachezaji gofu nawaona, kwa hiyo niongelee mikono.

Kaka uliyeuliza, huyo mwenzako aliyeangusha fimbo ndo anayenipa wasiwasi kuliko kiwiko chako. Muulize anauma wapi hasa. Akikuonyesha kwenye kitako cha kiganja cha kushoto, upande wa kidole kidogo, pale panapokaa mwisho wa gripu, na akibonyeza hapo anaruka, basi asikubali kuambiwa ni msuli tu. Kuna kamfupa hapo kana ndoano imejitokeza kwa mbele, fimbo ikigota ghafla mwisho wa gripu unakandamiza hiyo ndoano na inaweza kuvunjika. Ubaya wake eksirei ya kawaida mara nyingi haionyeshi, mtu anarudishwa nyumbani na dawa za maumivu anakaa miezi anashangaa kwa nini hawezi kukunja ngumi. Aombe daktari afikirie picha ya CT, inayoonyesha mfupa vizuri zaidi. Na kama kidole kidogo na cha pete vinakufa ganzi aende haraka, asisubiri.

Asichuliwe. Najua kila mtaa una mzee anayejua kuchua na kunyoosha, lakini mkono uliogota na kuvimba usivutwe wala kukandwa na mtu asiyejua ndani kuna nini. Siku mbili za mwanzo barafu iliyofungwa kitambaa dakika 15 hivi mara kadhaa kwa siku, mkono uinuliwe juu, pete zitolewe kabla vidole havijavimba. Gofu hapana.

Wewe sasa. Kiwiko kwa nje, mkono wa kushoto, kwa mpiga mkono wa kulia, hiyo ni ya kawaida sana, wengi wanadhani kiwiko cha gofu ni cha ndani tu. Ni kano zinazoinua kiganja zimechoka kwa mitikisiko midogo midogo mingi, sio lazima uwe umegonga jiwe moja kubwa, feawei ngumu peke yake inatosha. Na kushika fimbo kwa nguvu kunazidisha. Punguza mipira, sio lazima uache kila kitu, ukiona maumivu yanabaki mpaka asubuhi ya pili ujue umezidisha. Zoezi lako ni hili, kaa kitini, mkono uulaze mezani kiganja kikitazama chini na kining'inie nje ya ukingo, shika chupa ya maji ya nusu lita, nyanyua kiganja kwa kusaidiwa na mkono wa pili, alafu uiachie ishuke polepole kwa mkono mmoja ukihesabu mpaka nne. Kuuma kidogo ruksa, kuuma sana acha. Kano zinapona taratibu mno, usitegemee wiki mbili. Na diklofenaki za dukani kumeza kabla ya kwenda uwanjani ili usisikie, hiyo naona sana na siipendi, unazima kengele alafu unaendelea kugonga, bado tumbo na figo.

Msidhani pia ni mambo ya wanaojifunza. Rory McIlroy, yule nyota wa Ireland Kaskazini, mwaka 2011, kwenye mashindano makubwa ya PGA Championship kule Atlanta, siku ya kwanza kabisa shimo la tatu alipiga mpira uliokuwa umekaa kwenye mzizi wa mti kwa chuma namba 7, akaumia mkono wa kulia, akamaliza mashindano amefungwa bandeji. Na huyo ndo alikuwa ametoka kuchukua US Open miezi miwili nyuma.

Lofti60

Nakumbuka ile. Watu walimsema sana kwa nini hakuutoa pembeni tu.

Bwana_Tiwi

Nami nitie langu, ndugu zangu wa bara msituonee wivu sisi wa pwani mkadhani tunacheza mchangani raha mustarehe. Huku chini ya hizo nyasi ni jiwe la matumbawe, yako mahali udongo ni shubiri moja tu kisha mwamba, na mwamba wa matumbawe hauna simile, unakula chuma mpaka uso wa fimbo umeparuzika wote. Kwa hiyo sisi tumejifunza adabu tangu udogoni.

La kwanza, mwenye kusema pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, ni ya grini pekee yake huyo hajacheza kwetu. Mpira uko kwenye udongo mtupu hatua kumi kutoka grini, hakuna majani marefu katikati, twaa pata uusukume. Pata yako mbaya kabisa haitokuumiza mkono na haitovuka grini. Hata bankani, ikiwa ukingo ni mfupi na hauna mdomo uliojikunja, na mchanga umeshikamana, pata inatoka. Watacheka, wewe andika nne yako kwenye kadi.

Ikiwa mbali zaidi, kwenye feawei iliyokauka, mie naacha vyuma virefu begini natumia haibridi, fimbo mseto wa chuma na ile ya kichwa kinene. Ule mgongo wake mpana unateleza juu ya udongo pale ambapo chuma kingelijikita. Mpira uuweke nyuma kidogo, usiupige kwa juhudi zote, robo tatu yatosha kwa kuwa ardhi kavu itaukimbiza yenyewe. Na weka fimbo moja ya kale begini, weji mtumba usiyoionea huruma, maana wengi wanaumia kwa kuikinga fimbo, anaogopa kuiparuza ile mpya ya bei, katikati ya mpigo anajikaza anabana mikono, basi hapo ndipo inapogota.

Na miwani. Mchanga wenye changarawe ukiupiga unarudi usoni. Hilo halijasemwa hapa na mimi jichoni limeniingia.

kedi_mstaafu

Bwana Tiwi umemaliza. Niongezee tu hapo kwa pata, usiikubali pale mpira ulipozama kwenye shimo lake hata kidogo, utaurukisha tu utue palepale. Na kuingia bankani ingieni upande wa chini, ukuta wa udongo uliokauka unateleza vibaya na spaiki hazishiki, nimeona kedi ameanguka na begi zima.

Mpigaji_wa_Bara

Wakuu nimerudi. Kwanza mwenzetu nimempigia, anauma palepale dada fizio aliposema, kesho kutwa anarudi hospitali kuomba hiyo CT. Asante sana dada, yeye alikuwa ameshatafutiwa mzee wa kumchua.

Katibu nimemwona. Kanuni ya mawe alikuwa haijui ikabidi tuisome pamoja kwenye simu. Kuhusu kutangaza banka ni ardhi inayotengenezwa anasema ataitisha kamati, ila mzee mmoja wa kamati keshaanza kusema tunataka kuufanya uwanja uwe wa watoto.

Sasa swali langu la mwisho. Nyumbani nina zulia la mazoezi, lile jembamba la nyasi bandia, nimeliweka uani juu ya sementi, nikitoka kazini napiga mipira kama ndoo moja. Nilidhani napumzisha kiwiko kwa kutokwenda uwanjani. Au ndo lenyewe?

dada_fizio

Ndo lenyewe kaka. Zulia jembamba juu ya sementi ni feawei yenu ya kiangazi, tofauti ni kwamba uwanjani unapiga mipira michache kwa saa nzima na hapo uani unapiga ndoo bila kupumzika. Tena zulia linakudanganya, fimbo ikigonga nyuma ya mpira inateleza na mpira unaondoka vizuri, hujui kama umekosea, kiwiko pekee ndo kinajua. Lisitishe kwa sasa.

kedi_mstaafu

Akipona anaweza kulitumia ila sio hivyo. Weka chini yake godoro la sponji gumu au tabaka mbili za mpira mnene, mipira iinue kwenye kijiti kifupi cha tii, piga chipu na pichi (mpigo mfupi wa kupaisha) tu usipige chuma kirefu. Au achana nalo, chimba eneo la mita moja pale uani, jaza mchanga wa mtoni uliochekechwa, chora mstari kwa kidole, bila mpira, piga mchanga mbele ya mstari. Bure kabisa na unajifunza kitu.

Mpigaji_wa_Bara

Mchanga wa mtoni upo, ule wa ujenzi ulibaki. Ngoja nimuombe mama watoto hiyo mita moja maana pale ameotesha mchicha.

Mwana_Nairobi

Hapo sasa sheria za R&A, wale watunga kanuni za gofu, hazikusaidii.